Bartlet kajivua, Walken kakalia kiti: barua moja, sheria mbili

Mjomba wangu kashuka toka Newala wiki mbili zilizopita kuja kupima macho hapa Mtwara mjini, daktari kamwambia mzee mbona macho yako mazima tu kwa umri wako, basi akaamua kuyamalizia kwenye laptopu yangu. Mi nina flashi yenye The West Wing, tamthilia ya Marekani ya mambo ya Ikulu yao, nimerushiwa na jamaa mmoja wa muvi kule Magomeni, na kwa vile maandishi ya chini ni Kiingereza kitupu kazi tumegawana, mimi natafsiri, mjomba anauliza. Na anauliza kweli. Jumamosi tukafika episodi ya mwisho ya msimu wa nne, ile inaitwa Twenty Five, pale mwishoni anaingia Spika Walken kwenye ofisi ya rais, jitu la miraba minne, kachezwa na John Goodman, anampokea Rais Bartlet kama askari anavyompokea mwenzake lindo, na Bartlet anatoka kwenye ofisi yake mwenyewe kama mtu aliyekuja kuulizia kazi akaambiwa arudi kesho. Mkono wa mjomba wenye ming'oko ukasimama njiani haujafika mdomoni.

"Mpwa wangu, huyu mnene kapindua?"

Nikamwambia hajapindua mjomba, kakabidhiwa. Kakabidhiwa na nani? Na rais mwenyewe. Wa chama kimoja? Hapana, huyo mpinzani. Akatafuna kwanza, taratibu.

"Basi huyo rais mgonjwa."

Kiukweli siku ile sikumjibu vizuri, maana hii episodi nimeiangalia mara tano sita na kila mara naona nimeielewa, kumbe nilikuwa nimeelewa machozi tu, ile mambo ya sheria nilikuwa naipita kama mtu anavyopita kipande cha mapigano kwenye muvi ya mapenzi. Mjomba ndo kanifanya nikae chini nifumue uzi mmoja mmoja. Sasa nafumua hapa.

Kwa ambao hawajaiona (ilirushwa kwenye televisheni ya NBC tarehe 14 Mei 2003, kwa hiyo msije kunilaumu kwamba nimemwaga mtama) hali ilikuwa hivi. Josiah Bartlet ni rais wa Marekani, wa chama cha Democrat, profesa wa uchumi, mtu wa maneno mengi. Binti yake mdogo Zoey kamaliza chuo Georgetown, usiku ule kaenda klabu kusherehekea, katekwa hukohuko na mlinzi wake Molly O'Connor kapigwa risasi kafa. Hiyo ni episodi ya kabla. Usiku huohuo Toby Ziegler, mzee wa kununa anayemwandikia rais hotuba, anapata watoto mapacha, na kuna kipande yupo nao hospitali anawaongelesha, anawaambia hakujua kama watoto mnakuja na kofia. Wamevishwa vikofia na manesi, yeye anaona ndo wametoka navyo. Wa kike anampa jina la Molly, yule mlinzi aliyekufa. Hapo mjomba alitoa miwani akaifuta, miwani ambayo daktari kasema hana haja nayo.

Nyuma ya utekaji kuna harufu ya Qumar, nchi ya kutunga ya Uarabuni, kwa sababu mwaka mmoja kabla, mwisho wa msimu wa tatu, Bartlet aliagiza kimyakimya waziri wa ulinzi wa Qumar, Abdul Shareef, auawe. Kwa hiyo weka picha kichwani, mtu ana jeshi lenye nguvu kuliko yote duniani, ana mabomu ya kufuta nchi, na binti yake kachukuliwa pengine kwa kosa ambalo mkono ulioagiza ni wake. Akipigiwa simu aambiwe tunamchinja mpaka ufanye moja mbili tatu, anayejibu nani, rais au baba? Bartlet anajijua kwamba atajibu baba, na baba mwenye ndege za kivita ni hatari kwa kila mtu, kwa hiyo anaomba atolewe mezani kabla simu haijalia.

Mjomba hilo alilielewa haraka kuliko nilivyotegemea. Huku kwetu Wamakonde, na jirani zetu Wamwera na Wamakua, ukoo unahesabiwa kwa mama, na mambo mazito ya mtoto mjomba mtu ana sauti kubwa, baba anakaa pembeni anasikiliza. "Wangemwita kaka wa huyo mama," mjomba alisema, kwa uzito kabisa, "yaani hawana mjomba?" Nikamwambia Wazungu hawana huo utaratibu. Akatikisa kichwa kuwasikitikia.

Sasa tuje kwenye barua. Bartlet anasaini karatasi chini ya Marekebisho ya 25 ya Katiba ya Marekani, kifungu cha 3, na ndo jina la episodi limetoka hapo. Kifungu chenyewe kifupi tu. Rais anamwandikia Spika wa Baraza la Wawakilishi na kiongozi wa muda wa Seneti kwamba kwa sasa siwezi kutekeleza kazi zangu, madaraka yanahamia kwa Makamu wa Rais kama Kaimu Rais, hadi siku rais atakapoandika barua nyingine kwamba sasa naweza, basi, anarudi. Hapigi kura mtu hapo. Haombi ruhusa kwa mtu. Na hakuna palipoandikwa kwamba lazima awe mgonjwa, kimeandikwa kushindwa kutekeleza, na anayejua kama kashindwa ni yeye mwenyewe. Kwa hiyo mjomba aliposema mgonjwa alikosea, ila kakosea pazuri, maana kwenye maisha ya kweli kifungu hicho kimetumika kwa wagonjwa tu, na kama nikiruhusiwa utani, wagonjwa wa sehemu moja ya mwili. Reagan tarehe 13 Julai 1985 alipasuliwa utumbo, Bush mdogo tarehe 29 Juni 2002 na tena 21 Julai 2007 alichunguzwa utumbo, Biden tarehe 19 Novemba 2021 kachunguzwa utumbo na Kamala Harris akakaimu kwa dakika 85. Wote utumbo. Bartlet peke yake, na yeye wa kutunga, ndo kakitumia kwa ajili ya moyo.

Hicho kitu chenyewe kilitoka wapi? Kilitoka kwenye woga. Kennedy kauawa tarehe 22 Novemba 1963, Johnson makamu wake kapanda, na kiti cha makamu kikabaki kitupu mpaka Januari 1965 kwa sababu katiba yao ilikuwa haina njia ya kukijaza. Zaidi ya mwaka mzima! Na Johnson mwenyewe alishawahi kupata mshtuko wa moyo mwaka 1955. Aliyekuwa anafuata ni Spika John McCormack, miaka 71, na baada yake Carl Hayden wa Seneti, miaka 86. Nchi yenye nyuklia ikawa inaomba dua rais asikohoe. Ndo marekebisho yakapitishwa, yakaanza nguvu tarehe 10 Februari 1967, kifungu cha 2 cha kujaza kiti cha makamu, cha 3 hiki cha rais kujivua mwenyewe, na cha 4 ambacho makamu pamoja na mawaziri walio wengi wanaweza kumvua rais asiyeweza au asiyetaka kujivua. Hicho cha 4 hakijawahi kutumika hata mara moja, lakini tamthilia za Marekani zinakipenda kama tamthilia zetu zinavyopenda mama mkwe mkorofi.

Haya, sasa fundo lenyewe, na hapa ndo nilipokuwa napapita miaka yote.

Kifungu cha 3 kinasema madaraka yanaenda kwa Makamu wa Rais. Basi. Hakimtaji Spika kama mpokeaji wa madaraka, anatajwa kama mpokeaji wa barua tu. Na Bartlet usiku ule hana makamu! John Hoynes kajiuzulu kwenye episodi iliyorushwa wiki mbili tu kabla, skendo ya mwanamke ambaye Hoynes alikuwa anamnong'oneza siri za serikali. Kwa hiyo ile barua ukiisoma peke yake inapeleka urais wa Marekani kwenye kiti kitupu. Ni kama umtume mtoto apeleke mzigo kwa fulani, kafika, fulani kahama. Mzigo unabaki mlangoni.

Anayeuokota mzigo ni sheria nyingine kabisa, ya zamani zaidi, Sheria ya Urithi wa Urais ya mwaka 1947. Hii ni sheria ya kawaida ya bunge lao, haimo kwenye katiba. Inasema ikitokea hakuna rais wala makamu, iwe kwa kifo, kujiuzulu, kuondolewa au kushindwa kutekeleza kazi, anayekaimu ni Spika wa Baraza la Wawakilishi, akikosekana kiongozi wa muda wa Seneti, ndo wanafuata mawaziri. Kabla ya hapo, toka 1886, walikuwa wanafuata mawaziri moja kwa moja, akianza Waziri wa Mambo ya Nje. Truman ndo aliyetaka ibadilishwe, kwa sababu Roosevelt alipofariki Aprili 1945 yeye alipanda akiwa hana makamu, akaona haifai rais amchague kwa mkono wake mtu atakayemrithi, bora awe mtu aliyepigiwa kura na wananchi. Hoja nzuri. Ila Truman pengine hakuwaza sana kwamba Spika anaweza kuwa wa chama cha upande wa pili, au aliwaza akaona potelea mbali, maana siku anaisaini Julai 1947 Spika alikuwa Mrepublican na yeye Truman ni Democrat. Hilo mi namheshimu nalo.

Kwa hiyo jibu la mjomba, kakabidhiwa na nani, ni kwamba hakukabidhiwa na Bartlet. Bartlet alichofanya ni kusema siwezi. Yule mnene kaletwa na sheria ya 1947. Waandishi wa tamthilia wamevipika vyote chungu kimoja wakakiita Twenty Five, na siwalaumu, maana uandike tamthilia halafu uiite Sheria ya Urithi wa Urais ya 1947 nani ataangalia. Lakini ukizitenganisha hizo sheria mbili ndo unaona kisu kilipoingia, kwa sababu kila moja ina bei yake na zinalipwa na watu tofauti.

Bei ya barua ni ndogo. Bartlet akiandika siwezi leo, kesho akiandika naweza, anarudi, mshahara wake, nyumba yake, kiti chake. Mlango kaufunga na ufunguo kauweka mfukoni.

Bei ya sheria ya 1947 ni balaa. Inasema Spika anakaimu baada ya kujiuzulu uspika na ubunge. Vyote viwili. Sababu ni kwamba katiba yao hairuhusu mtu awe bungeni na awe kwenye ofisi ya serikali kwa wakati mmoja. Na ukiendelea kusoma inasema kama kakaimu kwa sababu ya rais kushindwa kazi, atakaimu mpaka hapo kushindwa kutakapokwisha. Yaani Glen Allen Walken, mtu mwenye nguvu kuliko wote bungeni, mtu ambaye angeweza kumsumbua Bartlet miaka yote iliyobaki, kaacha kila kitu alichonacho kwa ajili ya kazi ambayo mwenye nayo anaweza kuidai muda wowote kwa karatasi moja. Na kweli, mwanzoni mwa msimu wa tano, mwaka 2003, Walken kaagiza mashambulizi Qumar, Zoey kapatikana hai, Bartlet kasaini barua ya pili, karudi. Walken katoka pale hana uspika hana ubunge hana urais. Kakosa mwana na maji ya moto.

Watu wengi nikiongea nao hii episodi wanamlilia Bartlet, shujaa kajinyenyekeza kwa ajili ya nchi. Mi nasema hapana, mwangalieni Walken. Tamthilia yenyewe inampenda Bartlet mno kiasi haikai sana na huyu jamaa, na hapo ndo namlaumu Aaron Sorkin, aliyeiandika, ingawa ilikuwa ya mwisho kwake kwenye tamthilia hiyo na labda aliona watakaokuja watajaza. Josh Lyman na wenzake Ikulu wanaumia tumbo jinsi watakavyoonekana mbele ya wapiga kura, sawa, lakini hakuna anayeuliza Walken kaamkaje asubuhi ile, kamwambia nini mke wake.

Kuna wanasheria wanasema hata huo mlango wa Spika una kasoro, Akhil Amar na ndugu yake Vikram waliandika mwaka 1995 kwamba katiba inataka mrithi awe ofisa wa serikali na mbunge si ofisa, kwa hiyo ile sehemu ya sheria ya 1947 inayomweka Spika haisimami. Haijawahi kufika mahakamani kwa sababu hajawahi Spika yeyote kukaimu. Hiyo niliiruka, sikumwambia mjomba, usiku ulikuwa umeenda.

Nilichomwambia ni imamu. Nikiwa mdogo Mikindani tulikuwa kwenye swala ya magharibi, rakaa ya pili, imamu akanyamaza katikati ya sura. Mi nilikuwa safu ya nyuma na watoto wenzangu, nikachungulia. Udhu ulikuwa umemtoka. Akashika pua, kama mtu anayetokwa damu, akageuka nusu, akamvuta kwa mkono wa kanzu aliyekuwa nyuma yake, muuza samaki, kaja moja kwa moja toka feri na harufu yake ya dagaa, yule mtu akapiga hatua moja mbele akaendelea pale pale sura ilipokatikia. Imamu akapita pembeni ya safu kaenda kisimani kuchukua udhu, karudi, kasimama safu ya nyuma na sisi watoto, kaswali kama maamuma. Swala haikukatika. Baada ya salamu kila mtu kamshika mkono muuza samaki na hakuna aliyemuuliza imamu kitu.

Mjomba akasema eeh, hapo nimeelewa. Halafu akafikiri. "Lakini imamu kamchagua wa nyuma yake. Huyu wako kavutiwa mtu wa msikiti mwingine." Na ndo hivyo hasa. Kama Bartlet angekuwa na makamu ingekuwa ni ya Mikindani, mtu wa safu yake, lakini safu ya nyuma yake ilikuwa na pengo.

Kuna kitu kingine ambacho ukiangalia kuanzia mwanzo unakiona. Mwanzo wa msimu wa pili, Oktoba 2000, Bartlet anapigwa risasi, anaingizwa chumba cha upasuaji, analazwa usingizi, na hajasaini barua yoyote. Masaa yale nchi ilikuwa kwa nani? Hapo makamu yupo, mzima, anasubiri, na barua haikuandikwa. Baadaye msimu huohuo Toby anakuja kujua rais ana ugonjwa wa neva anaouficha na yeye ni mtu wa 17 kuambiwa, na katika vitu vinavyomuwasha ni ule usiku, kwamba maamuzi yalikuwa yanafanywa na watu ambao hakuna aliyewapigia kura. Kwa hiyo usiku wa Zoey, Bartlet ni kama analipa deni la usiku ule. Alipokuwa hajitambui kabisa hakusaini, alipokuwa na akili zake timamu kasaini. Sijui kama waandishi walipanga hivyo toka mwanzo ila mi naiona hivyo na hamnitoi.

Mjomba swali lake la mwisho lilikuwa la nyumbani. Na sisi je? Kwetu ibara ya 37 ya Katiba ndo inashughulika na haya. Rais akionekana hawezi kwa maradhi ya mwili au akili, Baraza la Mawaziri linapeleka azimio kwa Jaji Mkuu, Jaji Mkuu anaunda bodi ya madaktari wasiopungua watatu, wakishamshauri anaweza kumpelekea Spika hati kwamba rais hawezi, zikipita siku saba haijafutwa, kiti kinahesabika kiko wazi. Utaona tofauti, kwetu daktari yumo ndani ya katiba, kwao kifungu cha 4 hakimtaji daktari hata kidogo, ni wanasiasa wanaangaliana machoni. Na kiti kikiwa wazi kwa kifo, makamu hakaimu, anaapishwa kuwa Rais kamili kwa muda uliobaki, tuliona wenyewe, tangazo la msiba wa Magufuli tarehe 17 Machi 2021, Samia kaapishwa tarehe 19, halafu rais mpya anashauriana na chama chake, jina la makamu linaenda Bungeni, Mpango akapitishwa tarehe 30. Na hata kiti cha makamu kilipobaki wazi, Omar Ali Juma alipofariki Julai 2001, rais akiwa mtu wa kwetu huku huku, Mkapa wa Lupaso Masasi, kilijazwa na Dk. Shein mwezi huohuo. Mapengo yetu huwa mafupi, kwa hiyo Walken wa kwetu ni mgumu kutokea. Mjomba akasema bora, maana angekuwa mbunge wake angemdai barabara kabla hajamruhusu ajiuzulu.

Ile flashi ilikuwa na misimu minne tu, ikabidi nirudi Magomeni nikarushiwe wa tano kwa sababu mzee aligoma kurudi Newala bila kujua mwisho wa mnene. Na yupo. Kuna episodi, Januari 2004, rais mmoja mstaafu kafariki, Bartlet anapanda ndege ya rais kwenda mazikoni, na ndani kapanda Walken, kakaa na wakubwa kama mmoja wa waliowahi kushika nchi. Mjomba akasogea karibu na skrini, akaangalia kile kiti kikubwa cha ngozi jamaa alichokalia.

"Angalau," akasema, "siti wamempa."